Soul Power: sinema ya Kinshasa ambamo Kinshasa inakaa nyuma

Wandugu wa lisansi, na ninyi mungali mukisoma, juma hili nawaletea sinema ya zamani kidogo. Inaitwa Soul Power, ya Jeffrey Levy-Hinte, ilitoka mwaka 2008, dakika 93. Ni documentaire juu ya tamasha kubwa la muziki lililofanyika Kinshasa mwaka 1974. Mimi nimeiangalia mara tatu, kwenye flashi, kompyuta ikiwa na chaji au bila chaji. Naipenda. Na kila mara nikifika mwisho nabaki na hasira. Hapa nitajaribu kueleza vyote viwili, juu wengi kati yetu tunapenda kusema sinema ni nzuri au ni mbaya, kiisha tunaenda kula.

Kwa wale ambao hawakusikia hii historia kwa wazee: mwaka ule Mobutu alileta Kinshasa ngumi ya Muhammad Ali na George Foreman. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, na wakati ule dola milioni 5 ilikuwa feza ya kutisha. Pembeni ya ngumi, watu wawili wa muziki, Hugh Masekela wa Afrika Kusini na Stewart Levine wa Marekani, walikuwa na wazo la tamasha la siku tatu, wanamuziki weusi wa Marekani wakutane na wenzao wa Afrika kwenye jukwaa moja. Feza ya tamasha haikutoka kwenye mfuko wa Mobutu, ilitoka kwa wawekezaji wa Liberia. Tarehe zikapangwa: muziki 22 mpaka 24 Septemba, ngumi 25. Halafu Foreman akapasuka juu ya jicho kwenye mazoezi, na ngumi ikasogezwa mpaka 30 Oktoba. Muziki haukuweza kungoja. Wasanii walikuwa na mikataba yao kwingine. Njo tamasha likafanyika peke yake kwenye Stade du 20 Mai, ile leo tunaita Tata Raphaël, bila wale watalii wa ngumi waliotegemewa kununua tiketi.

Kamera zilichukua kila kitu. Kisha picha zikafungiwa miaka na miaka juu ya magomvi ya feza na haki. Mwaka 1996 Leon Gast akatoa When We Were Kings, ikapata Oscar mwaka uliofuata, lakini ile ni sinema ya ngumi na muziki unapita ndani sawa chumvi. Levy-Hinte alikuwa kati ya waliofanya kazi ya kuhariri ile sinema. Aliona muziki mwingi umebaki kwenye makopo, haujaonwa na mtu. Akarudi kuufungua. Miaka 34 kati ya siku ya kuchukua picha na siku ya kuzionyesha! Mbegu gani inakaa ghalani miaka 34 kiisha inaota? Hii iliota, na kwa hilo namshukuru kabisa.

Tena namshukuru kwa namna alivyoifanya. Hakuna sauti ya mtu anayetueleza nini cha kufikiri. Hakuna mzee aliyekalishwa kwenye kiti mwaka 2007 akumbuke. Unatupwa ndani ya 1974 na unabaki mule. Unaona vijana wakipandisha vyuma vya jukwaa, wageni wakiuliza kama litakuwa tayari kwa wakati, simu zikipigwa juu ya feza. Yeyote kati yetu aliyewahi kupanga hata siku ya collation unive anajua ile sura ya mtu anayesubiri mashine ya sauti ifike. Unaona Celia Cruz na Fania All-Stars wakipiga muziki ndani ya ndege, angani, kama wako kwenye bar ya nyumbani kwao. Na Bill Withers, peke yake na gitaa, wimbo wa huzuni, uwanja mzima kimya. Ile sehemu ni kati ya vitu vizuri zaidi nimewahi kuona kwenye skrini. Mtu wa kamera hakukimbia, alibaki usoni. Kati ya waliobeba kamera alikuwa Albert Maysles, na inaonekana kwamba walikuwa watu wanaojua kungoja.

James Brown simwongelei sana. Anachukua nafasi kubwa na anaistahili. Jasho lile haliigizwi.

Sasa hasira.

Fanya jaribio hili. Ukimaliza kuangalia, funga kompyuta na umueleze mtu ambaye hakuona: muziki wa Marekani wa 1974 ulikuwaje? Utaeleza. Utaonyesha hata miguu ilivyokwenda. Muziki wa Kuba na Puerto Rico? Utaeleza. Sasa muziki wa Kinshasa ulikuwaje? Hapo utakwama. Na tamasha lilikuwa Kinshasa! Wenyeji walikuwa ndani, tena siyo wenyeji wadogo. Tabu Ley Rochereau alikuwa amesimama Olympia ya Paris tangu 1970. Franco alikuwa na OK Jazz tangu 1956, yaani orkestra ya miaka 18, mashine iliyokwisha kupakwa mafuta. Abeti Masikini, binti wa Kisangani, alikuwa amefika Olympia mwaka 1973. Lita Bembo na Stukas walikuwa vijana wa moto wa mji. Kwenye sinema, wakubwa wetu wanapita. Wanaonekana, sikatai. Lakini wanaonekana sawa vile unaona mti kutoka dirisha la gari.

Tatizo siyo idadi ya dakika tu. Sisi tunajua rumba yetu inajengwa namna gani: inaanza pole pole, mwimbaji anaeleza shida zake, sauti zinamjibu, na gitaa zinangoja. Kiisha seben inafungua mlango na watu wanasimama. Wimbo ni safari nzima. James Brown unaweza kumkata popote, kila sekunde ya muziki wake iko na moto uleule, hata kipande cha nusu dakika kinashika. Rumba ukiikata vipande, unabaki na mwanzo bila mlango au mlango bila nyumba. Mhariri ambaye hajui hilo ataona Franco ni mzuri lakini "hapandi", atamwacha kwa sekunde kidogo na kurudi kwa Wamarekani. Sidhani kulikuwa na ubaya wa moyo. Nadhani mkasi uliongozwa na sikio ambalo halikukulia huku.

Mimi ni mtu wa kilimo, munisamehe, nafikiri kwa udongo. Tulipofundishwa kuchukua sampuli za shamba, mwalimu alirudia jambo moja mpaka tukalichoka: musichukue karibu na njia. Karibu na njia udongo umekanyagwa, umepata majivu ya jikoni, umepata mavi ya mbuzi. Ukichukua pale tu, laboratwari itakupa jibu sahihi la njia, na wewe utaliandika kuwa jibu la shamba. Soul Power ilichukua sampuli zake karibu na njia: hoteli, ndege, nyuma ya jukwaa, mahali wageni walikuwa na mahali Kiingereza kiliongewa. Wanaoongea kwa urefu ni Ali, Don King, wapanga tamasha, wanamuziki waliotoka mbali. Wanaongea juu ya kurudi Afrika, nyumbani, na maneno yao mengine yanagusa kweli. Lakini nyumbani kwenyewe kuna watu wanaouza sokoni, wanaocheza kwenye njia, wanaocheka mbele ya kamera, na hawaulizwi kitu. Nilitamani mtu mmoja amgeukie mama mmoja wa soko amuulize kwa Lingala: wewe, utaenda kumuona nani leo usiku?

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye aliniambia naonea. Ati sinema ilifanywa na Mmarekani kwa Wamarekani, na kamera zililipwa kuchukua nyota wao, wewe unataka nini? Jibu lake lina uzito. Huwezi kuweka kwenye sinema picha ambayo haikuchukuliwa. Lakini mwaka 2017 ilitoka albamu, disko mbili, inaitwa Zaire 74: The African Artists. Ndani yake kuna Franco, kuna Tabu Ley na Afrisa, kuna Abeti, kuna Stukas, na Miriam Makeba, wote kutoka usiku zile zile. Nyimbo nzima, na seben zake. Sauti siyo picha, najua. Hata hivyo ile albamu inaonyesha kwamba wenyeji walipiga kwa nguvu, kwa urefu, na kwamba mashine zilikuwa zinawaka wakati wanapiga. Kilichokosekana kwa miaka 43 ni mtu wa kuona kwamba usiku ule walikuwa kitu kikubwa.

Kuna jambo lingine linapita kimya, na hapa kilimo kinarudi. Tamasha lilifanyika miezi kumi baada ya 30 Novemba 1973, siku Mobutu alipotangaza zaïrianisation. Biashara na mashamba ya wageni yaligawiwa kwa wazaliwa, na wengi waliopewa hawakuwa wakulima, walikuwa watu wa karibu na utawala. Huku Kivu, kahawa na chai zililipa hiyo bei. Sisi tuliosoma agronomia tumekutana na ile tarehe karibu kila mara tulipofungua historia ya shamba kubwa: mashine ziliuzwa, miti ilizeeka bila kupandwa mingine. Kwenye sinema unaona mabango ya barabarani yanayosifu nguvu ya mtu mweusi chini ya Zaïre, na wageni wanayasoma na kufurahi. Kamera inayasoma pamoja nao. Sidai kwamba filamu ya muziki ifundishe uchumi. Lakini sinema hii imejaa mazungumzo juu ya feza za tamasha, nani atalipa, nani anadai. Ingetosha kusimama kidogo mbele ya bango moja na kujiuliza ni nani anamlipia yule aliyelipaka rangi.

Nimefikiri zaidi juu ya haya baada ya kuona sinema nyingine ya tamasha, Jazz Fest: A New Orleans Story, ya Frank Marshall na Ryan Suffern, ya 2022. Hii ni juu ya tamasha la muziki na urithi la mji wa New Orleans, lililoanza 1970, na walichukua picha mwaka 2019, mara ya 50. Kama kazi ya sinema iko chini ya Soul Power. Inapenda tamasha lake kupita kiasi, wakati mwingine nilihisi naangalia tangazo la saa moja na nusu, na hawaulizi mtu wa mtaa wa chini anapata wapi feza ya tiketi. Katy Perry na Pitbull wana nafasi ambayo mimi ningewapa wengine.

Lakini kitu kimoja wamekifanya vizuri: wenye mji njo wanatueleza mji. Mzee Ellis Marsalis yupo na watoto wake wakipiga pamoja, na alikufa Aprili 2020, mwanzoni mwa korona, kwa hiyo ile picha sasa ni mali ya mji. Irma Thomas yupo, anaongea kama mtu wa nyumbani. Watu wa kanisa, watu wa fanfare za njiani, Wacajun na akordeoni zao, hata wapishi, kila mmoja anaeleza chake. Wakati wa kimbunga Katrina, cha Agosti 2005, sinema inakuonyesha tamasha la 2006 na Bruce Springsteen akiimba mbele ya watu waliopoteza nyumba. Yeye ni mgeni, lakini kamera inageuka na kubaki kwa wanaolia. Unajua huzuni ni ya nani.

Na sisi Wakongomani tuko na sababu yetu ya kuangalia. Ile 1970 tamasha lilianzia mahali panapoitwa Congo Square. Pale, siku za Mungu, watumwa walikuwa wakikusanyika kupiga ngoma na kucheza, na mwaka 1817 sheria ya mji ikawabana wasikusanyike mahali pengine. Jina letu liko juu ya uwanja ambao jazz inahesabu kuwa moja ya mizizi yake. Hata chungu chao kikubwa, gumbo, kimechukua jina kwenye lugha za Kibantu za upande wetu: ni gombo, ile ile unanunua sokoni ukitaka mboga ya kuteleza. Watoto wa Wakongo waliovushwa bahari kwa nguvu wamepata sinema ambamo wanajieleza wenyewe. Wakongo waliobaki Kinshasa, kwenye sinema ya tamasha lao, wanapiga makofi.

Sasa kwetu huku. Goma iko na Festival Amani. Ilipangwa kuanza 2013, vita ikaizuia. Bunagana, mji wetu wa mpaka, ilirudi mikononi mwa jeshi la taifa tarehe 30 Oktoba 2013, na Februari 2014 Goma ikacheza siku tatu kwenye Collège Mwanga. Wengi kati yenu munaosoma hapa mulikuwa wanafunzi wa sekondari kama mimi, na munakumbuka: vijana wa kujitolea wenye tisheti, watu kutoka kila upande wa mji, kikundi cha ngoma za asili kinashuka na rapa wa kata anapanda. Tangu hapo likarudi, likasogezwa, likarudi tena. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilianguka tena. Januari 2025 Goma ikafuata.

Naandika haya juu kwetu Bunagana tunajua kuwa picha ya nyuma. Kamera zikifika, zinafika na sababu: kizuizi cha mpaka, malori, askari, akina mama wenye magodoro kichwani. Mwandishi wa habari anasimama mbele, sisi tunapita nyuma yake. Hakuna aliyewahi kuuliza ni muziki gani unapigwa kwenye arusi zetu, au ni mzee gani angali anajua kupiga inanga. Ndiyo sababu dakika za Soul Power ambamo watu wa Kinshasa wanapita bila jina zinaniuma kuliko pengine zilivyokusudiwa. Nawatambua. Wanatembea sawa sisi.

Wenye kushika kamera tunao. Yole!Africa imefundisha vijana wa Goma sinema kwa zaidi ya miaka ishirini. Dieudo Hamadi wa Kisangani alituonyesha na Maman Colonelle, mwaka 2017, kwamba mtu wa hapa anaweza kumfuata mtu wa hapa na kumuacha aongee mpaka amalize. Kinachonitia wasiwasi ni makopo. Ya Kinshasa yalikaa miaka 34, lakini yalikaa mahali pakavu, yakiwa na mwenyewe, hata kama wenyewe walikuwa wanagombana. Ya kwetu ni simu na diski za kompyuta, na munajua nyumba ngapi zimehamwa haraka, mtu akibeba mtoto na diploma. Aliyepiga picha za rapa wa Birere mwaka 2015 leo yuko wapi, na simu ile iko wapi?

Kwa hiyo, wewe uliyekuwa mjitolea, uliyeshika mikro, uliyechukua video ya kutetemeka ukiwa juu ya mabega ya yaya wako: nakili kwenye diski mbili, moja uipeleke kwa mtu anayeishi mji mwingine, na uandike majina. Nani anaimba, kwa lugha gani, tarehe gani, nani alikuwa kwenye ngoma. Video bila majina, miaka thelathini mbele, itampa mhariri fulani nafasi ya kutuweka tena nyuma ya James Brown.

Wanaotaka kuangalia Soul Power, ushauri wangu ni kuanza na albamu ya 2017. Sikilizeni Franco mpaka seben iishe, sikilizeni Abeti. Kiisha muweke sinema, na kila mara kamera inapowaacha wa kwetu mapema, mutajua nini kiliendelea kupigwa.